Betri za 18650 kwenye vepu (sigara za umeme): kwa nini mnaiacha ya 3500 mAh mnakimbilia ya 2500?

#1 Kitasa_Cha_Shaba
Wakuu salaam.

Kila ukiuliza betri gani iwekwe kwenye vepu ya betri za kutoa, jibu ni Samsung 25R, ya 2500 mAh. Pembeni ipo Samsung 35E, kiwanda kile kile, umbo lile lile, ila ina 3500 mAh. Tofauti ya 1000 nzima mnaitupa.

Hoja yangu: betri yenye akiba kubwa haikamuliwi mpaka tone la mwisho, kwa hiyo haipati joto, kwa hiyo ndiyo salama. Wanaong'ang'ania 2500 wanafuata mkumbo tu. Anayebisha aje na hesabu, kelele aziache mlangoni.

#2 Mzee_wa_Koili
Hesabu hii hapa. Umesoma namba moja ukairuka ya pili. mAh ni ukubwa wa tangi, ampea ni unene wa bomba. 35E ina tangi kubwa na bomba jembamba: kiwanda kinaipa ampea 8 za mfululizo, yaani bila kukoma. 25R inapewa 20.

Koili (waya wa kupashia ndani ya vepu) ya omu 0.2, betri imejaa volti 4.2: 4.2 ÷ 0.2 = ampea 21. Hapo hata 25R imeshagusa ukuta, na 35E umeikamua zaidi ya mara mbili na nusu ya uwezo wake. Joto la ndani linakua kwa mraba wa mkondo. Ampea zikiwa mara mbili, joto ni mara nne. Betri yenye ukinzani wa ndani wa miliomu 25 ikitoa ampea 20 inabakiza wati 10 tumboni mwake, na tumbo lenyewe ni unene wa kidole gumba.

Kwa nini isipatikane yenye vyote viwili? Nafasi ndani ya kopo ni ile ile. Wakitaka mAh nyingi wanapaka kemikali nene juu ya karatasi ya shaba na ya alumini, basi karatasi inayoingia kwenye mviringo inakuwa fupi na ayoni zinapita njia ndefu. Wakitaka ampea wanapaka nyembamba kwenye karatasi ndefu, na mAh zinashuka.

#3 Ndimu_Chumvi
Kaomba hesabu, kapewa. Natandika mkeka hapa.

#4 Fundi_Sakiti
Mzee wa Koili nondo nzuri, ila 4.2 ÷ omu ni ya vepu za kimekanika tu, zile ambazo kati ya betri na koili hakuna sakiti yoyote, ni chuma na kitufe. Watu wanaibeba hiyo fomula wanaipeleka kwenye modi (mwili wa vepu unaobeba betri) zenye chipu, wanapotea.

Kwenye modi yenye chipu betri haioni koili. Inaiona sakiti, na sakiti inaomba wati. Fomula yake:

ampea = wati ÷ volti ya kukatia ÷ ufanisi

Volti ya kukatia ni pale modi inapokwambia betri imeisha, nyingi ni kama 3.2. Ufanisi weka 0.9. Wati 80 kwenye betri moja: 80 ÷ 3.2 ÷ 0.9 = ampea 27.8. Betri mbili, kila moja inabeba wati 40, yaani ampea 13.9, na hapo haijalishi zimeunganishwa kwa mfululizo (moja nyuma ya nyingine) au sambamba (bega kwa bega).

Angalia pia kitu kinachowachanganya wengi: kwenye kimekanika betri ikipungua ampea zinapungua. Kwenye chipu ni kinyume. Wati 80 betri ikiwa 4.2 inaombwa ampea 21, ikifika 3.2 inaombwa karibu 28. Inabebeshwa mzigo mkubwa wakati imechoka. Ndiyo maana hesabu inafanywa kwa volti ya chini, si ya juu.

#5 Kitasa_Cha_Shaba
Sawa Fundi. Basi kwa fomula yako wati 20 ni 20 ÷ 3.2 ÷ 0.9 = 6.9. Iko chini ya 8. 35E imepita! Sikuwa mjinga kiasi hicho.

#6 Fundi_Sakiti
Imepita kwa wati 20. Kwa wati 25 ni 8.7, imeanguka. Anayevuta taratibu kwa koili ya omu 1 na zaidi, wati 12 mpaka 18, betri ya mAh nyingi ni chaguo halali kabisa na inakaa na chaji muda mrefu. Kosa lako ni kuifanya sheria ya wote.

#7 Binti_Voltmita
Naongeza kwa #6. Msichague betri kwa wati mnayotumia, chagueni kwa wati ya juu ambayo kifaa kinaruhusu. Modi ya betri moja inayofika 80 ina kitufe cha kupandisha kinachobonyezeka hata mfukoni. Umeweka 35E kwa sababu unatumia 18, kitufe kimekaa kimebonyezwa hadi 80, unavuta, betri ya ampea 8 inaombwa 28.

#8 Mzee_wa_Koili
Bibie hapo umezidisha. Modi nyingi zina kufuli ya vitufe, nyingine zina kikomo cha wati unachokipanga mwenyewe kwenye menyu. Panga 20, funga, basi. Kumnunulia mtu wa wati 18 betri ya ampea 30 ni kumpunguzia muda wa kuvuta bila sababu.

#9 Binti_Voltmita
Menyu ikijirudisha kwenye mipangilio ya kiwanda baada ya kutoa betri, kikomo chako kiko wapi? Naendelea kubisha.

#10 Kipimo_Tupu
Ngoja niwaharibie wote. Mnahesabu kwa ampea zilizoandikwa kwenye ganda la plastiki la betri, na hizo nazo si za kuaminika.

Kuna ampea za mfululizo na kuna za mpigo. Za mfululizo betri inaweza kutoa bila kukoma kuanzia imejaa mpaka imeisha na isivuke joto lake. Za mpigo ni sekunde chache kisha ipumzike, na hakuna kipimo kimoja cha dunia kinachosema mpigo ni sekunde ngapi. Mwenye kufunga ganda anaandika namba anayoitaka.

Hata datashiti (karatasi za vipimo) za viwanda vikubwa zina masharti. Sony VTC6, 3000 mAh: ampea 30 zinaruhusiwa endapo kuna kifaa kinachopima joto na kukata betri ikifika nyuzi 80. Bila kipimo hicho ni 15. Vepu yako ina waya wa kupima joto la betri? Haina. Basi kwako VTC6 ni ya 15, na Samsung 30Q nayo ni ya 15. LG HG2, nayo 3000 mAh, ni 20. Molicel P26A na P28A zimeandikiwa 35, na wapimaji wanaojitegemea wanaziweka kwenye 25. Ukiikuta 18650 ya 3000 mAh ganda linajisifu 40A, jua hiyo ni ya mpigo, au ni ya hewani.

#11 Ndimu_Chumvi
"Ya hewani" 😂

#12 Mwanafunzi_Betri
Asante Kipimo. Swali: kuna za 9900 mAh zinauzwa. Hizo vipi?

#13 Kipimo_Tupu
Chukua kikokotoo. 9.9 Ah × volti 3.6 ni kama Wh 35.6 (saa-wati, kipimo cha nishati). Igawe kwa gramu 45, inatoka karibu Wh 790 kwa kilo. 35E halisi ni 3.5 × 3.6 = 12.6 Wh kwa gramu 48, yaani Wh 260 hivi kwa kilo. Kama kuna mtu ametengeneza betri mara tatu ya Samsung, asingekuwa anaiuza ya tochi, angekuwa ameshafunga viwanda vyote vya magari ya mafuta.

Dari ya 18650 za kawaida sokoni ni 3500 na kidogo. Iweke kwenye mizani ya jikoni: 18650 halisi inacheza gramu 43 mpaka 48, 21700, ile nene na ndefu zaidi, ni kama 66 mpaka 70. Ukiona gramu 28, irudishe.

#14 Karani_wa_Ghala
Mizani haitoshi mkuu. Feki zikipasuliwa hukutwa na kibetri kidogo ndani na unga umejazwa pembeni ili uzito usogee. Rangi nayo si ushahidi. Ndiyo, HG2 ni ya kahawia, 30Q ni ya waridi, VTC6 ni ya kijani, HE4 ni ya njano, lakini maganda matupu ya rangi hizo yanauzwa kwa mamia.

Kipimo cha kweli kina hatua mbili. Ya kwanza ni mAh: chaja yenye uwezo wa kupima, jaza mpaka 4.2, acha ipumzike saa moja, ishushe kwa ampea 0.5 mpaka 2.8. Ikipungua kwa zaidi ya asilimia 10 ya ilichoandikiwa, kuna neno. Ya pili watu wanaisahau: volti inavyozama ikibebeshwa mzigo. Betri mbili zinaweza kutoa 2500 mAh sawa kwa ampea 0.5, lakini ukizipa 15 moja inabaki 3.7 na nyingine inadondoka mpaka 3.1. mAh haikuonyeshi hilo hata siku moja.

#15 Mzee_wa_Koili
Halafu kuna kundi la katikati, si feki na si orijino. Viwanda vinavyotengeneza seli nzuri zenyewe ni vichache: Samsung SDI, LG, Panasonic na Sanyo yake, Murata iliyochukua betri za Sony 2017, Molicel, na baadhi ya viwanda vya China. Majina mengine mengi unayoyaona yananunua seli yanazivisha ganda lao. Ndani inaweza kuwa seli nzuri, au daraja la pili iliyokataliwa kwenye kiwanda, na mwezi ujao ganda lile lile likawa na seli nyingine. Ubaya wake ni kwamba huna datashiti ya kushika.

#16 Dereva_wa_Ayoni
Mimi nasema mnazunguka. Usalama ni kemia. Tazama herufi za mbele ya 18650: ICR ni kobalti, hiyo ndiyo inayolipuka. IMR ni manganizi, iko salama. INR ina nikeli, katikati. Chukua IMR lala usingizi.

#17 Kipimo_Tupu
Ilikuwa kweli miaka ile. Leo herufi hizo zinakudanganya. I ni lithiamu-ayoni, herufi ya pili ni kemia ya upande wa chanya, R ni umbo la mviringo. Lakini seli za siku hizi ni mchanganyiko: nikeli, manganizi, kobalti kwa pamoja, nyingine nikeli, kobalti na alumini. 25R ni INR na 35E nayo ni INR. Herufi sawa, moja ampea 20, nyingine 8. Sasa herufi imekusaidia nini?

Iliyo salama kweli kwa kemia ni IFR, ya chuma na fosfati. Inastahimili joto kuliko zote hizo. Ila volti yake ni 3.2, inajaa kwa 3.65, na modi nyingi zitaiona imeisha kabla hujaanza. Na ukiiweka kwenye chaja ya 4.2 umeijaza kupita kiasi.

#18 Dereva_wa_Ayoni
Sawa, lakini IMR bado inapanda joto taratibu kuliko ICR ikipigwa shoti. Hilo hujalikanusha.

#19 Kipimo_Tupu
Sijalikanusha. Nimesema huwezi kulisoma kwenye ganda.

#20 Mwanafunzi_Betri
Hizi namba zenyewe 18650 zinasomekaje?

#21 Karani_wa_Ghala
Kipenyo milimita 18, urefu 65, na 0 mwishoni ni alama ya umbo la duara.

#22 Fundi_Sakiti
0 si umbo. Ni 65.0, urefu kwa sehemu za kumi za milimita. Umbo limeshasemwa na R kule mbele.

#23 Karani_wa_Ghala
R ipo kwenye jina refu. Kwenye jina fupi la 18650 peke yake, umbo liko wapi kama si kwenye sifuri?

#24 Ndimu_Chumvi
Hawa wawili waachwe na sifuri yao. Swali langu: si ninunue zile zenye sakiti ya ulinzi ndani, yote haya yaishe?

#25 Binti_Voltmita
Jina zuri, kazi nyingine. Sakiti ya ulinzi ni kibati kidogo kilichobandikwa kwenye makalio ya betri, kinaongeza urefu wa milimita 3 mpaka 5, kwa hiyo modi nyingi mlango haufungi. Ukiulazimisha unabonyeza betri. Na sakiti nyingi za hivyo zinakata mkondo mapema, kwa mvutaji wa wati kubwa ni kuzima kila mvuto. Ni betri za tochi hizo.

#26 Dereva_wa_Ayoni
Ila kwa mvutaji wa wati 15 mlango ukifunga vizuri ni ulinzi wa ziada. Msizitupe zote.

#27 Mama_Ganda
Mmehesabu ampea mpaka mmesahau kinachounguza watu mifukoni. Ni ganda.

Watu wanadhani chanya ni juu, hasi ni chini, katikati ni mwili tu. Hapana. Kopo zima la chuma ni hasi, kuanzia makalio, likapanda ubavuni, likazunguka bega, mpaka milimita chache kutoka kwenye kichwa cha chanya. Kati ya bega na kichwa kuna mpira mwembamba wa kuzibia, na juu yake kipete cha karatasi, mara nyingi cheupe. Plastiki ya rangi ndiyo inayofunika bega. Ikichanika hapo juu kwa upana wa punje ya mchele, ukingo wa chuma wa modi ukagusa bega huku pini ikigusa kichwa, umepiga shoti ambayo chipu haiwezi kuizima kwa sababu haipiti kwenye chipu. Funguo au sarafu mfukoni zinafanya kazi hiyo hiyo, hata ganda likiwa zima, kwa sababu bega na kichwa viko karibu mno. Betri ya akiba inakaa kwenye kasha la plastiki, si kwenye mfuko wa suruali.

Kubadilisha ganda: kata la zamani ubavuni karibu na makalio, kwa kucha au kisu cha plastiki, usianzie juu. Libandue. Kipete cha karatasi kisidondoke. Kikichakaa weka kipya, bila hicho usiendelee. Mfuko mpya wa PVC kwa 18650 ni upana wa milimita 29.5 ukilala bapa, urefu kama 72. Uweke uzidi kidogo juu na chini, upulize hewa ya moto ya kikaushia nywele huku unazungusha, sekunde chache. Moto wa kiberiti hapana. Andika jina la seli na tarehe kwa kalamu ya wino, maana ukishavua ganda betri zote zinafanana.

Kopo lenyewe likiwa limebonyea, hakuna ganda la kulitibu. Ndani kuna karatasi iliyoviringishwa kwa kubana, na kitenganishi chake ni chembamba kuliko unywele.

#28 Mwanafunzi_Betri
Umetisha mama. Nimeelewa leo kwa nini kile kipete kipo.

#29 Mpinga_Moshi
Acheni kuvuta, shida zote zimeisha.

#30 Ndimu_Chumvi
Uzi wa mapafu ni jirani, mkuu. Hapa ni betri.

#31 Fundi_Sakiti
Mama Ganda amegusa kimekanika bila kukitaja, ngoja nikimalizie. Kuna kimekanika ambacho pini ya katikati ya atomaiza (kichwa cha vepu kinachobeba koili) inagusa betri moja kwa moja. Hapo pini lazima itokeze nje kuliko nyuzi za skrubu. Ikiwa sawa na nyuzi au ikiingia ndani, nyuzi ndizo zinazogusa kichwa cha betri, na nyuzi ni hasi. Shoti ya moja kwa moja. Hakikisha kuna matundu ya kutolea hewa: betri ikizidiwa inafungua kizibo chake kilicho upande wa chanya na kutoa gesi, bomba lisilo na tundu linageuka mtutu.

Mbili kwa mfululizo ni volti 8.4, koili ya 0.2 ni ampea 42 kwa kila betri, si nusu. Sambamba ni 4.2, ampea 21 kwa pamoja, kila moja 10.5. Wengi wanayachanganya haya mawili.

#32 Mzee_wa_Koili
Sambamba ina mtego wake. Ukiweka moja iliyojaa 4.2 na nyingine 3.2, kabla hujabonyeza chochote ile iliyojaa inaimwagia mwenzake. Tofauti ya volti 1 juu ya ukinzani wa miliomu 50 ni ampea 20 zinaingia kwenye betri ambayo kikomo chake cha kuchajiwa, kwa 25R, ni 4. Ndiyo maana tunasema betri "zimeoana": zinunuliwe pamoja, zitumike pamoja, zichajiwe pamoja, na zibadilishane nafasi kila chaji. Talaka hakuna.

#33 Kitasa_Cha_Shaba
Mimi mleta mada nimekubali 25R kwa wati kubwa. Sasa kuchaji: USB ya modi au chaja ya nje?

#34 Karani_wa_Ghala
Chaja ya nje. Kila betri ina chumba chake, inapimwa peke yake, inakatwa kwenye 4.20, kukosea kuruhusiwe 0.05 tu. Kwenye modi ya betri mbili za mfululizo, chaja ya ndani ya bei rahisi inaangalia jumla ya 8.4. Moja inaweza kuwa 4.35 na nyingine 4.05, jumla 8.4, modi inasema kila kitu shwari.

#35 Fundi_Sakiti
Hiyo ni kweli kwa bodi (sakiti za modi) zisizosawazisha volti za betri. Modi nyingi za sasa zinasawazisha na zinakataa kufanya kazi tofauti ikizidi. Shida halisi ya USB ya modi ni tundu lenyewe kulegea na joto kukaa ndani ya kisanduku kilichofungwa.

#36 Binti_Voltmita
Wote wawili mpime. Multimita kwenye volti za DC, safu ya 20. Betri ikitoka kwenye chaja isome 4.15 mpaka 4.20. Ikisoma 4.27 chaja ni mbovu, si betri nzuri. Ikitoka 4.20 baada ya siku mbili bila kuguswa ikasoma 4.05, betri inavuja ndani, itoe kazini.

Na tafadhali: waya mwekundu uwe kwenye tundu la V, usiwe kwenye tundu la 10A. Ukiuacha kwenye 10A ukagusa betri, umeipiga shoti kupitia multimita.

#37 Mwanafunzi_Betri
Kuna iliyosahaulika droo miezi mingi ipo volti 1.8. Inaweza kufufuliwa? Wengine wanasema uiunganishe na iliyojaa kwa sekunde kadhaa ili chaja iitambue.

#38 Kipimo_Tupu
Usiifufue. Ikishuka chini ya 2 shaba ya karatasi ya upande hasi inaanza kuyeyuka ndani ya maji ya betri. Ukiichaji shaba inajikusanya upya pasipo mahali pake, inaweza kujenga daraja kupita kitenganishi. Itapokea chaji, itaonekana nzima, kisha itapiga shoti ndani siku usiyoijua. Chaja inapokataa inakusaidia. Na hiyo ya kuunganisha na iliyojaa ni ile ile ya #32, ila kwa makusudi.

#39 Dereva_wa_Ayoni
Inategemea imekaa muda gani chini. Saa chache si sawa na miezi.

#40 Kipimo_Tupu
Kweli. Hii ni miezi.

#41 Ndimu_Chumvi
Za akiba nazihifadhi kwenye friji eti? Nimeona wengi wanasema.

#42 Karani_wa_Ghala
Baridi inapunguza kuzeeka, hilo si uongo. Ila ukiitoa unyevu unaganda juu yake na chini ya ganda, na ukiiweka kwenye chaja ikiwa chini ya nyuzi 0, lithiamu inajipaka kama metali juu ya kaboni badala ya kuingia ndani. Faida kubwa kuliko friji ni kuihifadhi nusu: volti 3.6 mpaka 3.8, mahali pakavu pasipo jua. Kinachoichosha haraka ni kukaa wiki nyingi ikiwa 4.2 kwenye joto, kama ndani ya gari lililofungwa juani.

#43 Mzee_wa_Koili
Friji yangu ina nyanya, betri zikae kabatini.

#44 Mwanafunzi_Betri
Ikiwaka je? Mchanga au maji? Maji na lithiamu si yanalipuka?

#45 Dereva_wa_Ayoni
Mchanga. Maji na lithiamu ni maafa, kila kitabu cha kemia kinasema.

#46 Binti_Voltmita
Kitabu kinazungumzia metali ya lithiamu. Betri hizi ni lithiamu-ayoni. Mamlaka ya anga ya Marekani inawaelekeza wahudumu wa ndege wapoze kifaa kilichowaka kwa maji au kinywaji kisicho na kileo, na inakataza barafu kwa sababu inahifadhi joto. Shida ya betri si mwali tu, ni joto la ndani linaloendelea kujizalisha. Mchanga unaficha mwali, joto linabaki.

#47 Dereva_wa_Ayoni
Nyumbani mtu ana ndoo ya mchanga, na mchanga unazuia cheche kusambaa. Kila kimoja kina mahali pake.

#48 Mama_Ganda
Kabla ya ndoo yoyote: ukisikia mlio wa kufoka, harufu tamu kali kama ya rangi ya kucha, au betri imekuwa ya moto hushiki, itupe sakafuni kwenye saruji mbali na watu na mapazia, rudi nyuma, usivute ule moshi. Moshi huo una floridi ya hidrojeni. Usijaribu kuitoa kwenye modi.

#49 Kitasa_Cha_Shaba
Na safarini?

#50 Karani_wa_Ghala
Vepu na betri zake ni mkoba wa mkononi, si begi la chini. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilizikataza kwenye mizigo ya chini 2015. Kila betri kwenye kasha lake. Kikomo cha kawaida ni Wh 100 kwa betri, nayo ya 3000 mAh ni Wh 10.8, kwa hiyo hapo huna wasiwasi.

#51 Mpinga_Moshi
Mnajua viwanda vyenyewe vinasema msitumie seli hizi kwenye vepu? Na tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani, CPSC, ilionya Januari 2021 watu wasinunue 18650 za mojamoja kabisa.

#52 Mzee_wa_Koili
Leo umekuja na hoja. Ni kweli. Seli hizi zilitengenezwa ziingie kwenye pakiti zenye sakiti: drili, baiskeli za umeme, laptopu. Viwanda vinajilinda kwa mawakili.

#53 Fundi_Sakiti
Si mawakili tu. Kwenye drili kuna bodi inayopima joto, kusawazisha na kukata. Kwenye vepu ya kimekanika bodi ni kichwa chako. Mimi kwa hilo nipo na CPSC kwa nusu: kimekanika mtu aache, modi yenye chipu nzuri aendelee.

#54 Mpinga_Moshi
Nusu si haba.

#55 Ndimu_Chumvi
Swali la mwisho. Modi yangu ni ya 21700 na imekuja na bomba la plastiki la kuvalisha 18650. Ampea zinabaki zile zile?

#56 Binti_Voltmita
Betri ndiyo inayoamua, bomba halimwongezei mtu ampea. Modi ya 21700 ya wati 100 ikiwekwa Molicel P42A, 100 ÷ 3.2 ÷ 0.9 ni ampea 34.7, na P42A wapimaji wanaiweka kwenye 30, imeandikiwa 45. Ukiweka 18650 ya 25, shusha wati: 25 × 3.2 × 0.9 ni wati 72, baki 65 au 70. Pia tazama springi: 18650 ni fupi kwa milimita 5, ikicheza ndani mguso unakatika na kuchoma cheche pale kwenye kichwa.

#57 Karani_wa_Ghala
Milimita 5. Yaani 70 kutoa 65. Hakuna aliyesema 70.0 kutoa 65.0.

#58 Fundi_Sakiti
Nilijua utarudi.